Sababu, kwa Kifupi

Fomu imetoka kata, kurasa tatu:
Shule ya Msingi Nyabutanga,
walioandikishwa, waliofanya mtihani, waliofaulu.
Chini kabisa kuna mstari mmoja, urefu wa kidole changu:
Kama ufaulu umeshuka, eleza sababu, kwa kifupi.

Niandike nini hapo, ndugu Afisa?
Niandike: mwezi?

Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawafuati taa.
Mitumbwi imelala kifudifudi mchangani
na mimi nina watoto sabini na wanne darasa la tano,
wannewanne kwenye dawati, waliobaki sakafuni.
Chaki haitoshi, nami nafurahi kwamba haitoshi.

Kisha giza linaingia.
Taa zinawaka huko majini kama mji uliohama usiku,
na asubuhi naita majina, yananirudia mwenyewe.
Mazigo? Kimya.
Holo? Kimya.
Mbuzi wa jirani anachungulia mlangoni
kama aliyechelewa, anatafuta la kusema.

Nikatelemka mwaloni na daftari kwapani.
Wote wapo! Wamejipanga mstari
ulionyooka kuliko wa paredi,
wanatandaza dagaa, wanafukuza korongo.
"Shikamoo, mwalimu," kwa pamoja, kwa adabu,
bila hata mmoja kuinua mgongo.
Nikafungua daftari palepale. Nikaita.
Mazigo? "Nipo." Holo? "Nipo."
Sasa naomba kuuliza:
"nipo" ya mchangani inaingia safu ipi?

Januari mlitaka idadi, tukawapa idadi.
Mkataka na cheti cha kuzaliwa;
cheti kiko ng'ambo, Sengerema,
nauli ya kivuko kwenda na kurudi, na siku ya kuambiwa njoo kesho.
Basi nikarudia kipimo cha wazee wetu:
pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili.
Lubango akajivuta, akainamisha shingo, akatoa ulimi,
ncha ya kidole ikagusa.
Bibi yake akapiga vigelegele
kana kwamba mtoto kahitimu chuo. "Wabeja, mwalimu, wabeja!"
Nikamwandika. Wa mia na tisa.
Mlituletea barua ya pongezi.
Tumeibandika ofisini, pale penye ufa.

Lakini wale walioanza miaka saba iliyopita
walikuwa themanini na wanane.
Waliokaa mtihani ni thelathini na mmoja.
Waliofaulu, watano.
Kutoa huku najua kukufanya, hata bila karatasi.
Sijui kukufanya kwa kifupi.

Kambi huhama na samaki,
na mtoto hupakiwa mwisho, juu ya nyavu,
madaftari yake yakiwa yamefungia chumvi.
Wengine wako Kome, wengine Ukerewe,
wengine nimesikia tu kwamba wako.

Na Nyanzobe, aliyekuwa wa pili darasani,
nilimkuta jioni ile ya mtihani kisimani, mtoto mgongoni.
Hakunisalimia kwanza. Aliuliza,
"Hesabu zilikuwaje?"
Nikamtajia swali la kumi na tisa,
lile la tangi na mabomba mawili,
lililowaangusha karibu wote.
Alinijibu kabla sijafika mwisho wake,
akamhamishia mtoto bega la pili,
akajitwisha ndoo.

Ndugu Afisa, kidole changu kimejaa.
Nimeandika Mwezi, nikakata.
Nimeandika Kisima, nikakata.
Nimeandika Utoro, kama mwaka jana,
neno linaloenea vizuri kwenye mstari.

Muhuri wa shule umekauka.
Nimemtuma Lubango na kifuniko cha soda,
ameniletea maji ya ziwa, mengine kayamwaga njiani.
Nimegonga mara mbili.
Umetoka hafifu, una harufu ya dagaa,
ila ukiuelekeza kwenye mwanga
utasoma jina letu.